Siki Ndani ya Bakuli

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu. Msusi, ndani ya gauni la njano lililomkaa si mchezo, alifuata bomba la sinki tu. Pembeni yake nesi mmoja mrefu, bado na sare za kazini, alikuwa akichagua nyundo ndogo. Msusi akamuuliza kama anaenda kuvunja karanga. Nesi akacheka, akasema ndiyo kwanza ameanza kutafuta visukuku, yaani viumbe vya kale vilivyogeuka mawe. Msusi alidhani anatongozwa. Na kweli alikuwa anatongozwa, ila mawe nayo yalikuwepo.

Jumapili wakaenda machimboni, kwa ruhusa ya mwenye machimbo. Nesi alimfundisha kuvaa miwani na kukagua vifusi kabla ya kugonga. Jioni akaokota konokono wa jiwe la chokaa, mistari yake yote ipo. Kisukuku chake cha kwanza! Akamwachia msusi amtunzie, maana zamu za usiku zilikuwa zinamsubiri.

Sasa mapenzi, bwana. Msusi akataka kumfurahisha. Birika lake likishika ukoko huliloweka kwenye siki, basi na konokono akamloweka vivyo hivyo, akaenda kulala. Kumbe siki inakula chokaa. Asubuhi mistari yote imelika, limebaki donge. Akalia peke yake jikoni.

Toka hapo nesi akipiga simu, msusi anaitazama tu mpaka inanyamaza. Nesi, maskini, akaamini kuna mwanamume mwingine. Uvumilivu ulipomwishia akamfuata saluni, mbele ya wateja.

“Niambie tu kama umenichoka.”

Msusi akatoa lile donge mfukoni. “Nimekiharibu. Nilikitia siki nikidhani nakisafisha. Niliogopa utaniacha.”

Nesi akaligeuzageuza kiganjani. Lilimuuma, wala hakuficha.

“Inaniuma, mpenzi. Lakini usingizi nimeukosa kwa ajili yako, si kwa ajili ya jiwe. Siku nyingine ukiharibu kitu, pokea simu, hata unitukane, mradi nikusikie.”

“Na nikiharibu tena?”

“Nitakuwepo. Nataka nije kwenu kujitambulisha. Nije lini?”

Mteja aliyesukwa nusu kichwa akadakia kwamba aje kesho. Msusi akamwambia anyamaze, aliyeulizwa ni yeye. Akafuta machozi, akamtazama nesi.

“Njoo kesho,” akasema.