Keki ya Kumuaga Maureen

Enyi walimwengu, nyamazeni! Yanaletwa mbele yenu mapenzi yaliyoitikisa London ya mwaka 1958 hadi kwenye misingi yake. Naam, yalianzia kwenye ngazi za kituo cha treni cha Holborn, na kilichotikisika ni goti la mzee mmoja aliyejikwaa.

Alijikwaa kwenye utepe wa karatasi uliojaa vitundu. Ulikuwa wa Maureen Tuckwell, mwandishi wa programu katika ofisi moja ya bima. Ulimponyoka kwapani asubuhi ile, ukajikunjua hadi chini. Kijana mrefu mwenye koti la kijivu akaanza kuukusanya.

"Dada, umeangusha pambo la Krismasi?"

"Hizo ni hesabu za kompyuta. Ukizichana, watu hawalipwi mishahara."

"Basi kwa ajili yao napiga magoti." Akapiga kweli, kwenye tope la viatu. Maureen akacheka mpaka kofia ikaenda upande.

Jumatatu Maureen akamkuta kijana yule ofisini. Kumbe ndiye Clifford Anstey, aliyehamishwa kutoka idara ya mauzo aje afundishwe kompyuta, na mwalimu ni Maureen. Mchana wakawa wanakula samaki wa kukaanga kwenye gazeti, jioni wanapigiana simu.

"Mwalimu, umevaa ile sketi ya kijani?"

"Nimevaa aproni, naosha sufuria."

"Hata hiyo naipenda."

Naye Maureen alimpenda. Lakini aliipenda pia kazi yake, hasa ule mngurumo wa mashine ikikubali alichoiandikia, na katika ofisi ile mwanamke akiolewa, anaacha kazi. Kwa hiyo kila Clifford alipoanza habari za pete, yeye aliomba chumvi.

Clifford akadhani anaona haya. Kama kijana mstaarabu, akaenda kwanza kumweleza meneja nia yake ya kumwoa.

Ijumaa Maureen akaingia na sketi ya kijani, akakuta chai, keki, na saa ya mezani iliyofungwa riboni.

"Hongera, bibi harusi!" wenzake wakapiga makofi.

"Harusi ya nani?"

"Tutakukumbuka, binti," meneja akasema, akimpa saa.

Jioni simu ikalia.

"Kipenzi, nilidhani utafurahi."

"Ungeniuliza mimi, Cliff."

"Nitamwomba meneja akurudishe."

"Hujamwomba bado?"

"Amenipa kiti chako."

Basi, kesho yake Clifford akakikataa kile kiti, Maureen akarudishwa kwenye mashine yake, wakaoana kwa shangwe na...

Msinitazame hivyo. Haya, nimeshikwa. Hakukataa kiti. Kuoana walioana, maana kazi ilikwisha kwenda, na bado Maureen alimpenda. Kila jioni Maureen humpokea koti mlangoni na kumuuliza, "Mashine inasemaje leo?"

"Usijichoshe na hayo, kipenzi," Clifford hujibu. "Tunakula nini?"