Eulalie Avua Saa Nane Mchana

Ijumaa ya tatu ya Kwaresima, Eulalie Dardar aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaingia na boti kinamasini. Alirudi saa nne. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na ndoo ilikuwa tupu.

Mumewe, Alcide, alikuwa ameketi barazani. Mguu wake uliovunjika ulikuwa kwenye plasta.

"Umepata nini?"

"Baridi."

"Si nilikwambia? Kuvua si kukaanga. Kesho kaka yako anakuja na trela. Tumuuzie hii boti, yaishe."

Roho ilimuuma Eulalie. Boti ile waliiunda wao wawili, mwaka waliooana.

Jirani yao, Vernice, alikuwa akisuuza buti zake uani. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya pwani ya Louisiana.

"Shoga, mbona umenuna hivyo?"

"Sipati hata mmoja! Na natoka saa zilezile anazotoka Alcide."

"Alcide huvua kiangazi tu. Machi yote huwa melini kazini. Atajuaje?" Vernice akacheka. "Siku hizi usiku maji yanapoa sana, na mwili wa samaki hupoa pamoja nayo. Asubuhi amelala huko chini kwenye kina, hana hamu ya kula. Ngoja saa nane mchana. Jua likishapasha lile tope jeusi la maji mafupi, anakuja kuota joto. Mvutie chambo polepole."

"Basi naenda leo leo."

"Na uvae jaketi la kuokolea! Hewa ina joto, maji bado. Ukitumbukia, baridi inakukata pumzi hata kabla hujapiga kelele."

Saa nane Eulalie alifunga jaketi, akaenda kwenye tope jeusi. Alivuta mshipi polepole mpaka akajiona mvivu. Ghafla mshipi ukakaza. Alipiga kelele za furaha peke yake.

Jioni kulikuwa na wali na samaki saba wa kukaanga. Alcide alikula watatu. Kisha akapangusa midomo.

"Mpigie kaka yako. Mwambie asije."

"Kwa nini?"

"Mguu ukipona tutakwenda wote. Nitakuamsha saa kumi na moja."

"Saa nane mchana, bwana. Asubuhi utaosha vyombo."