Friji Iliyogandisha Mtindi

Asubuhi Mama Mtindi alifungua friji kubwa, akapigwa na butwaa. Ndoo kumi na mbili za mtindi zilikuwa barafu tupu. Mashine bado ilikuwa inanguruma.

Majirani walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Yeye na mumewe walikuwa na kabati la joto la kuchachushia maziwa, na friji ya kupozea mtindi. Kila Jumatatu waliupeleka shuleni. Wiki iliyopita walikuwa wamepeleka nusu tu. Mwalimu mkuu alisema wazi kwamba wakikosa tena, atatafuta watu wengine.

Juzi mumewe alikuwa amefunga themostati mpya kwenye friji. Themostati hupima joto, kisha huwasha au huzima mashine. Alijitetea kwamba ni sawasawa na ile ya kabati, na ile haijawahi kuwasumbua.

Mama Mtindi aliinama akasoma kitufe cha kuzungusha. Namba zilianzia thelathini, zikaishia tisini. Mtindi hukaa kwenye nyuzi nne. Sasa hiyo nne iko wapi? Swali lilimkaa kichwani, akampigia simu wifi yake, fundi wa friji.

Wifi alifika na begi la vifaa, akatazama mara moja tu.

"Umeona vizuri, wifi," alisema. "Hii ni ya kupasha moto. Inawasha mashine kukiwa na baridi na kuizima kukipata joto. Friji inataka kinyume chake. Hii, friji ikizidi kupoa, yenyewe inazidi kuihimiza."

"Kumbe nimemweka mpishi alinde barafu," mume alisema, wakacheka.

Kicheko cha wifi kilikatika alipoona nyaya mbili zimesokotwa na kufungwa utepe. Mume alikiri kwamba kulikuwa na swichi pale iliyokuwa ikizimazima mashine, akaona bora aiondoe na kuunganisha nyaya moja kwa moja.

"Kaka, hiyo ni swichi ya presha. Gesi ikisukuma kupita kiasi, inakata umeme kabla bomba halijapasuka au kompresa, pampu ya gesi, haijaungua."

Mama Mtindi aliuliza kwa nini presha ilipanda. Wifi alimpeleka nyuma ya friji. Wavu wa kutolea joto ulikuwa umezibwa na vumbi, na magunia ya sukari yameuegemea. Joto lilikosa pa kutokea.

Walihamisha magunia, wakapiga vumbi brashi. Kisha wifi alimsomesha Mama Mtindi kibao cha mashine, kilichoandikwa aina ya gesi. Swichi ya presha lazima ifae gesi hiyo, alisema, na themostati iwe ya kupozea, yenye namba zinazoifikia nne.

Mama Mtindi aliandika yote kwenye karatasi, akaenda dukani mwenyewe. Muuzaji alimpa themostati ya kwanza iliyomjia mkononi. Akasoma boksi, akairudisha. Ya tatu ndiyo ilikuwa yenyewe.

Wifi alifunga themostati hiyo na swichi mpya ya presha. Sasa mashine ilinguruma, ikapumzika, ikanguruma tena.

Jumamosi mashine ilizimika ghafla. Mume hakugusa waya. Alikwenda nyuma, akakuta turubai limeangukia wavu. Akaliondoa, akasubiri mashine ipoe, akabonyeza kitufe cha swichi kama dada yake alivyomwonyesha. Mashine ikawaka.

Jumatatu ndoo kumi na mbili za mtindi mpya ziliingia shuleni, laini na baridi. Mwalimu mkuu alionja, akaomba za wiki ijayo ziwe kumi na tano.