Mizani Isiyomsema Mtu Vibaya

"Shuka. Vua viatu. Panda tena."

Nikashuka. Nikavua viatu. Nikapanda tena.

Nesi akatazama namba, akanitazama mimi, akatazama namba tena.

"Dada, hebu vua na hereni."

Jamani... hereni! Tangu lini hereni zikawa na uzito wa kumzuia mtu kumwokoa mdogo wake?

Nikavua hereni.

Themanini na saba.

"Kwenye simu ulisema sabini na nane," nesi akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfichia mwenzake aibu.

"Ndiyo! Jumamosi tu nimejipima!"

"Basi mizani mojawapo inadanganya. Na hii ya kwetu imekaguliwa juzi."

Nyuma yangu alisimama wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ameshika mkoba wangu wa nguo za wodini. Akauachia. Puu!

"Umefanya makusudi!"

"Wifi..."

"Umekula makusudi! Umeogopa kisu, ukaamua kujishindilia ili wakukatae! Si ungesema tu?"

Korido nzima ikageuka kunitazama. Nilibaki juu ya mizani bila viatu, hereni mkononi, kama mwizi aliyekamatwa na kuku.

Ninyi mnaonisoma, wekeni shughuli zenu kando kidogo. Nitawaeleza nilifikaje pale, halafu mniambie mwenye kosa ni nani, maana mimi kichwa kimegoma.

Mimi ni fundi cherehani. Magauni, sare za shule, hata mapazia ukileta nashona. Mama alipotutoka niliacha masomo, nikakaa kwenye cherehani yake, nikamsomesha mdogo wangu mpaka akapata leseni na kazi ya kuendesha basi la shule. Ni mdogo wangu kwa kuzaliwa, lakini nimemlea mimi. Kwangu ni mtoto.

Mwaka jana figo zake zikagoma. Zote mbili!

Tangu hapo anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Anaingia pale amevimba, anatoka amenyauka kama nguo iliyokamuliwa, akipumzika kidogo siku ya kurudi imefika.

Tulipimwa ndugu wote. Aliyelingana naye ni mimi peke yangu.

Nilipiga kigelegele mlemle ofisini kwa daktari!

"Subiri kwanza," daktari akasema. "Una kilo tisini na tano, na presha iko juu. Nikikupasua hivi, nitaponya mmoja nizike mwingine. Shuka chini ya themanini. Ukifika, tupigie simu."

"Nina muda gani?"

"Madaktari wanaopandikiza figo hawakai hapa. Wanakuja kwa awamu, na awamu hii ni ya mwisho wa mwaka. Jitahidi."

Nikajitahidi.

Kwanza nilienda jimu ya wenye misuli yao. Nafika mlangoni, kijana mmoja aliyevimba kifua akamwambia mwenzake, "Shikilia sakafu." Wakacheka. Nikageuka hapohapo, na nyumbani nikalia mpaka usingizi ukanichukua.

Ndipo mteja wangu mmoja akanielekeza kwenye jimu ya watu kama sisi.

Iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ada yake mtu wa kawaida anaimudu. Ukutani wameandika kwa rangi ya kijani: HAPA HACHEKWI MTU. Hakuna kioo hata kimoja. Hakuna vyuma vya kutisha. Ukipiga kelele za kujikakamua, binti wa mapokezi anagonga kengele, ng'ang'ang'a, ili usiwatishe wageni.

Kocha wake tunamwita Kocha Taratibu, kwa sababu kila sentensi yake ina neno hilo.

"Taratibu, mama. Leo umekuja. Inatosha."

Jamani, nilipapenda! Kuna mama mmoja anaoka keki za biashara, tunamwita Mama Keki. Kila Jumamosi alikuja na kibakuli. Mkimaliza kutoka jasho, kila mtu kipande cha kujipongeza. Nani angekataa? Mimi kipande changu nilikila nimefumba macho.

Mwezi wa kwanza kocha alikataza mtu kujipima.

"Mgeni akipanda mizani mapema anakata tamaa," alisema.

Mizani yenyewe ilikuwa pembeni, ile ya mshale, imefunikwa taulo. Siku yangu ilipofika, kocha alitoa taulo, mimi huyo nikarukia juu.

Themanini na sita!

Kilo tisa kwa mwezi! Wamama wote walinipigia makofi. Nilimpigia mdogo wangu simu, tukashindwa hata kuongea, kila mmoja analia upande wake.

Najua mtasema. Wewe fundi, tepu ya kupimia watu inashinda shingoni mwako, hukuona kiuno chako hakijapungua kiasi hicho? Mganga hajigangi, ndugu zangu. Sketi ilikuwa imelegea kweli, nikaibana kidogo, nikaridhika. Mizani ilikuwa inaniambia ninachotaka kusikia. Ningeichunguza ya nini?

Siku moja mdogo wangu alinifuata jimu. Alipanda ngazi huku akipumzika njiani, akafika juu anahema, akakuta nimeshuka kwenye mashine ya kukimbilia, nacheka na wenzangu.

"Bonge!" akaita. Jina hilo ni yeye tu mwenye ruhusa nalo. "Hebu na mimi nijipime."

Akapanda. Akatazama chini. Kisha akainua macho akamtazama kocha, na kocha akainama kufunga kamba za viatu.

"Vipi?" nikauliza.

"Mizani nzuri hii," akasema, akatabasamu. "Haimsemi mtu vibaya."

Nikacheka. Mjinga mimi... nikacheka!

Sasa turudi hospitali.

Daktari alinipima upya kila kitu. Presha, akashangaa. Moyo, akashangaa tena.

"Presha yako nzuri kuliko yangu," akasema. "Unafanyia wapi mazoezi?"

Nikaanza kulia.

"Dokta, nipasue hivihivi. Nitasaini!"

"Hakuna sehemu ya kusaini kufa, dada yangu."

"Hao madaktari wanaondoka lini?"

"Ijumaa."

"Watarudi lini?"

Akavua miwani, akaifuta kwa koti lake.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi jimu. Nilizipanda zile ngazi kwa mkupuo mmoja, na hata kwa hasira niliyokuwa nayo niligundua kwamba sihemi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, sijui kwa nini.

Nikaifuata mizani. Nikalivuta lile taulo.

Mshale ulikuwa nyuma ya sifuri. Mbali kabisa! Mizani ilikuwa tupu, haina mtu, na tayari ilikuwa imeshapunguza kilo tisa.

Niambieni, nani huitazama mizani ikiwa tupu? Kila mtu ana haraka ya kupanda.

"Kocha!!!"

"Taratibu, mama..."

"Usiniambie taratibu!"

Ng'ang'ang'a! Binti wa mapokezi akagonga kengele. Maskini, mazoea tu, naye akaziba mdomo kwa mkono.

Kocha akaja amenyong'onyea.

"Kabla sijaigeuza," akasema, "watu walikuwa wanakuja wiki moja. Wanapanda, wanaona hawajashuka, hawarudi tena. Mmoja wao alikuwa dada yangu wa damu. Nikasema bora waone faraja, lakini waje."

"Kuna mtu anakufa kwa faraja yako!"

Nikamwaga yote. Figo, mashine, madaktari wanaoondoka Ijumaa. Kocha akakaa chini palepale kwenye mkeka.

"Hukuniambia," akasema. "Laiti ungeniambia..."

Kweli sikumwambia. Sikutaka huruma ya mtu. Jimu ile ndiyo ilikuwa sehemu pekee ambayo sikuwa dada wa mgonjwa.

Mama Keki akanishika bega.

"Mwenzangu... sisi tulidhani unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba inapunguza. Wote tunajua. Mimi nyumbani ninayo yangu. Hii tunapanda kujifurahisha tu."

Nikawatazama mmoja mmoja. Kila mmoja akaangalia pembeni. Kumbe kwenye chumba kizima mshamba nilikuwa mimi peke yangu!

Kesho yake nikaenda kwenye chumba cha mashine. Mdogo wangu amelala, mipira ya damu mkononi. Wifi yuko pembeni ya kitanda, hakunisalimia. Nilimwamkia mwenyewe, nikameza.

Nikaeleza yote, na zaidi nilikuwa namweleza wifi. Mizani imegeuzwa. Sikula makusudi. Niamini, wifi, niamini.

Wifi akabenua mdomo. "Mizani, mizani! Mtu mzima unadanganywa na mizani?"

Hapo mdogo wangu akasema, macho ameyafumba:

"Mwache. Mimi nilijua."

Mashine ikawa inalia peke yake, tii... tii...

"Ulijua nini?" nikauliza.

"Mimi napimwa hapa kila ninapokuja. Wananipima kabla, wananipima baada. Kilo zangu nazijua kuliko jina langu. Siku ile nilipopanda tu, nikajua inadanganya."

Nikasogea hadi kitandani.

"Na ukanyamaza?!"

"Nilitaka nikwambie njiani. Lakini ulikuwa unacheka, Bonge. Tangu mama afe sijakusikia ukicheka vile. Nikasema nikimwambia, ataacha kuja. Nitamwambia kesho. Kesho ikawa keshokutwa."

"Wewe ndiye mgonjwa! Wewe ndiye unayekufa!"

"Ndiyo maana." Akafumbua macho. "Uliacha shule kwa ajili yangu. Ujana wako umeishia kwenye cherehani kwa ajili yangu. Sasa na figo? Halafu mwili wangu ukiikataa, tuitupe, ubaki na moja na mimi nife vilevile? Wote mmekimbizana kunipimia watu. Kuna hata mmoja aliyeniuliza kama naitaka?"

Ni kweli, sikuwahi kumuuliza. Nilipima damu, nilipima mkojo, nilijipima uzito kila Jumamosi... yeye sikumuuliza kitu. Mtoto wangu mwenyewe!

Wifi aliteleza taratibu ukutani mpaka chini, akajifunika uso kwa mikono.

Nikavuta kiti. Nikamshika mkono usio na mipira.

"Haya. Nakuuliza sasa. Unaitaka?"

Alikaza taya. Alitazama dari. Halafu kidevu kikaanza kutetemeka, kama alipokuwa mdogo akijizuia kulia mbele ya wenzake.

"Naitaka, dada," akasema. "Naitaka sana. Sitaki kufa."

Jamani...

Miezi yote ile nilikuwa na haraka ya kumpa, na yeye hakuwa tayari kupokea. Siku aliyosema ndiyo, sikuwa na cha kumpa. Na Ijumaa madaktari wakapanda ndege wakaenda zao.

Nimebadilisha jimu? Hapana. Wengi mtanitukana, tukaneni tu. Ile jimu ya "shikilia sakafu" isingenipunguza hata kilo moja, kwa sababu nisingeingia ndani. Hii ilikuwa imenipunguza nane za kweli kufikia siku ile ya hospitali, na presha imeshuka. Imenisaidia kweli, na imenimaliza kweli. Nimejaribu kuchagua moja, nimeshindwa.

Mizani kocha ameinyoosha. Taulo ametupa. Wiki ya kwanza baada ya kuinyoosha, nusu ya wanachama hawakurudi. Mama Keki amebaki, lakini sasa ananiletea matango yaliyokatwakatwa, na tunayala tumenuna.

Somo langu ni hili, na nimelilipia: ukiwa na mtu unayempenda, usimpunguzie ukweli ili acheke. Kicheko kitaisha, na yeye atakuwa ameshapanga maisha yake juu ya namba yako. Na wewe unayetaka kumsaidia mtu, muulize kwanza. Muulize akiwa bado na muda wa kukujibu.

Ninaandika hapa nikiwa kwenye benchi nje ya chumba cha mashine. Asubuhi nilijipima kwenye mizani ya nesi. Themanini na tatu. Nesi akanipigia makofi.

Halafu akaitwa mdogo wangu, naye akapanda, tena mizani ileile.

Nesi hakupiga makofi. Aliandika, akakunja uso, akaenda kumwita daktari.

Mimi napungua kwa jasho. Yeye anapungua bila kufanya lolote. Wiki hadi wiki tunashuka wote wawili, na madaktari hawajasema watarudi lini.

Sijui nani atafika chini kwanza.