Vumbi la Ukuta wa Sonara

Saa 5:40, Ijumaa.

Chumba cha uani, Malindi. Tahir kachora mpango sakafuni kwa mkaa. Duka la sonara. Nyuma yake, gofu lisilokaliwa. Baina ya mawili hayo, ukuta mmoja wa mawe na chokaa. Sonara akenda kusali, wao watoboe, wafungue sefu, watoke kwa gari nyeupe hadi Mkokotoni kupanda boti.

"Sefu kazi ya Zulfikar," alisema. "Kaajiriwa pale miaka sita, anaijua."

Zulfikar alikaza barakoa. "Ntaingia vumbi likishatulia. Kabla ya hapo, simo."

Tahir alisonya. "Dume zima, vumbi linakutisha?"

Lilimtisha, na alikuwa na haki. Figo alilopandikizwa alipewa na kaka yake Fayaz, huyo aliyekaa pembeni akitafuna tambuu. Ili mwili usilikatae, kila siku Zulfikar alimeza vidonge vilivyoua kinga yake. Daktari kamwambia kinagaubaga: majumba mabovu yenye ukungu, kaa nayo mbali. Kuvu wakiingia mapafuni, mwengine atakohoa apone, wewe utazikwa. Mwenzake wa wodini alikwenda hivyo hivyo, akitema damu.

"Mie ntamwangalia," Fayaz alisema. "Figo langu hilo."

Saa 6:35.

Nyundo zikaanza. Ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu, na kila pigo lilimwaga vumbi. Zulfikar alingoja mlangoni.

Saa 6:45.

"Ingia," Tahir alisema.

"Halijatulia."

Kisu cha Tahir kikamgusa ubavuni. Akaingia. Dakika tatu, sefu wazi. Tahir akajaza mkoba, akamsukuma ukutani mpaka ugwe wa barakoa ukakatika.

Saa 6:52.

Mlango wa gofu ukakomewa kwa nje. Duka nalo lina kufuli.

"Kaa humo mpaka magharibi," Fayaz alisema kwenye ufa. "Mtu wa barakoa kila siku, mtaa mzima ungekutambua."

"Kaka, ntakufa humu."

"Nshachoka na wewe, Zulfikar."

Nyayo zikaenda zake.

Saa 7:05.

Watu walikuwa wakitoka msikitini. Akinyamaza, atatoka huru na kuvu kifuani. Akigonga, pingu. Hasira ikampanda hata hofu akaisahau. Alijiziba pua kwa shati, akaokota nyundo, akaupiga mlango.

Uliofungua ni mkono wa askari aliyekuwa akitoka kusali. Zulfikar alianguka uchochoroni, akavuta hewa kwa pupa.

"Wenzako nani?" askari aliuliza, jicho kwenye tundu la ukuta.

"Nipelekeni hospitali kwanza."

"Wenzako nani, nakuuliza."

"Tahir. Na Fayaz, kaka yangu, tumbo moja. Gari nyeupe, wanakwenda Mkokotoni kupanda boti. Saa hizi wako Bububu. Wahini."