Kufuli Lililotoka Ubaoni

"Huu ufunguo ni wa nini, Fergus?"

Fergus Lomax alikuwa jikoni akinyunyizia siki kwenye chipsi. Hakugeuka.

"Ufunguo gani?"

"Uliokuwa kwenye mfuko wa koti lako. Nilitaka kulitia kwenye mashine."

Hapo akageuka. Bryony Hallam alikuwa amesimama mlangoni, koti begani, na kati ya vidole viwili ameshika ufunguo mdogo wa shaba wenye kichwa chekundu.

"Aa, huo. Wangu."

"Wako uko shingoni mwako."

Mkono wa Fergus ukapanda wenyewe, ukaugusa mkufu.

"Basi utakuwa wa mtu. Niliuokota."

"Uliokota ufunguo wa kufuli la mtu, ukautia mfukoni, ukaja nao nyumbani?"

"Bryony, chipsi zinapoa."

Katika karakana ya treni ambako wote wawili walifanya kazi, ufunguo mwekundu haukuwa kitu cha kuokotwa. Fundi hutundika kufuli lenye jina lake ubaoni kabla ya kuingia chini ya treni. Treni haisogezwi hata inchi moja mpaka makufuli yote yatolewe, na kila kufuli hutolewa na mwenyewe tu, kwa ufunguo wake mmoja. Mume hamwachii mkewe ufunguo huo, wala ndugu hamwachii ndugu. Kwa hiyo Bryony hakujiuliza umepotezwa na nani. Alijiuliza umetolewa na nani, na kwa mapenzi ya namna gani.

Simu ya Fergus ikatetemeka mezani. Ilikuwa karibu zaidi na Bryony, na maandishi yalikuwa makubwa.

*Harriet Gadsby: Umeshamwambia Bryony? Nakupa mpaka Ijumaa. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi.*

Fergus aliichukua simu na kuilaza kifudifudi.

"Nani?" Bryony aliuliza, kana kwamba hakusoma.

"Mambo ya kazini tu."

"Hayo mambo ya kazini hayana jina?"

"Ni Harriet. Anasimamia mafunzo yangu, unajua hivyo."

"Najua. Sikujua anasimamia na mengine."

"Una maana gani?"

Bryony alivua pete ya uchumba, akaiweka kando ya chupa ya siki. Ufunguo hakuuacha.

"Maana yangu nitakuletea Ijumaa," alisema. "Si ndiyo siku mliyopanga?"

*

Mama yake, Maureen, alimfungulia mlango akiwa na kikombe cha chai mkononi, akamtazama kidole kabla ya kumtazama uso.

"Yule msomi amefanya nini?"

"Sijajua bado, mama."

"Basi ingia, usijue ukiwa ndani. Nje mvua."

Bryony aliingia, akafunga mlango, akaujaribu. Akapiga hatua mbili, akarudi kuujaribu tena.

"Umeufunga," mama yake alisema. "Nimekuona kwa macho yangu. Mwanangu, tangu Aprili unaiuliza milango kama polisi. Una nini?"

Lilikuwa jambo ambalo Bryony hakumweleza mama yake, wala mtu yeyote isipokuwa Fergus. Siku moja ya Aprili alitoka chini ya treni mikono imejaa grisi, akaenda ubaoni kutoa kufuli lake, akakuta msumari mtupu. Kufuli lilikuwa kabatini kwake, limekaa kimya juu ya skafu yake. Kwa mwanagenzi wa mwaka wa mwisho hapakuwa na tafsiri nyingine: aliingia chini ya treni bila kulitundika. Na ilhali alikumbuka kulitundika, alikumbuka hata ubaridi wake kiganjani, ilimbidi aamini kwamba kumbukumbu yake inamdanganya. Tangu siku hiyo alilishuku jiko, alilishuku bomba, alijishuku mwenyewe. Mara mbili aliandika barua ya kuacha uanagenzi, mara mbili akaifuta. Na Ijumaa hiyo hiyo alikuwa akae mbele ya watahini, waamue kama anafaa kuitwa fundi.

"Fergus ana mwanamke," alisema.

"Umemwona?"

"Nimeona ujumbe. Na ufunguo."

"Wa nyumba?"

"Bora ungekuwa wa nyumba."

*

Asubuhi, kantini ya karakana ilinuka nyama ya nguruwe na makoti yaliyolowa. Clive, fundi mzee wa breki aliyefanya kazi naye zamu moja, alimsogezea mkate wenye nyama ndani.

"Kula, bata wangu," alisema, kama wanavyoitana watu wa mji ule wa Derby wakipendana na wasipopendana. "Una uso kama breki iliyong'ang'ania gurudumu. Mtihani ni kesho, si leo."

"Clive, Harriet Gadsby ana mtu?"

"Harriet? Alikuwa na mume, akamchoka. Sasa ana paka. Kwa nini, unataka kumposa?"

Meza nzima ikacheka. Bryony hakucheka. Aliinuka, akauacha mkate, akashuka kwenye ukumbi wa treni.

Harriet alikuwa mbele ya ubao, karatasi za kazi kwapani, kufuli lake mkononi akijiandaa kulitundika. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wamsogelee ili wamsikie. Bryony alikuwa ameiona mara nyingi namna Fergus alivyomsogelea.

"Usilitundike kwanza," Bryony alisema. "Nataka kulijaribu."

"Kulijaribu kwa nini?"

Bryony alifungua kiganja. Harriet aliutazama ufunguo, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu aliyesubiri jambo kwa muda mrefu, na sasa linaingia kituoni.

"Aliniambia ameutupa," alisema.

"Kwa hiyo unaujua."

"Naujua. Bryony, umefikiri nini? Mimi na Fergus?"

"Wewe usinipe pole. Nipe kufuli."

Harriet alimpa. Ufunguo uliingia nusu, ukagoma. Bryony aliusukuma tena, kwa hasira, kana kwamba chuma kingeona aibu na kukubali.

"Si wangu," Harriet alisema. "Sasa jaribu lako."

"Langu?"

"Lako. Tafadhali."

Bryony alilitoa kufuli lake kiunoni. Lilikuwa na jina lake kwa herufi nyeupe, HALLAM. Ufunguo ukaingia wote. Kufuli likafunguka kwa mlio mdogo, laini, ule ule aliouzoea kila siku.

Alipoinua kichwa, Harriet alikuwa ameshapiga simu.

"Fergus, shuka ubaoni. Sasa hivi. Hapana, anao mkononi."

*

Alikuja mbio, kofia ngumu imekaa upande. Alipouona ufunguo ndani ya kufuli, alisimama mbali kidogo, kama watu wasimamavyo mbele ya reli yenye umeme.

"Mwambie," Harriet alisema. "Mimi nipo hapa, lakini simwambii kwa niaba yako."

"Bryony, nilifanya kwa ajili yako."

"Anza na ulichofanya. Kwa ajili ya nani, tutafika."

"Unakumbuka Februari? Ulikwenda nyumbani ukasahau kufuli ubaoni, wakakuita urudi, wakakupa onyo?"

"Nakumbuka. Walisema likitokea tena, uanagenzi umekwisha."

"Nikaogopa. Ulikuwa umelala, nikauchukua ufunguo wako, nikachongesha mwingine. Niliuweka tu. Nilisema ukisahau tena, nitalitoa kabla hawajaona."

"Ukalitoa."

"Mara moja tu."

"Lini?"

Fergus alitazama chini. Ukumbini mtu alikuwa akigonga chuma, taratibu, kwa vipimo sawa.

"Lini, Fergus?"

"Aprili. Zamu imekwisha, dereva yuko njiani, kufuli lako peke yake linaning'inia. Na nilikuona ukienda kantini. Nikajua umesahau tena. Nikalitoa, nikaliweka kabatini."

"Uliniona?"

"Nilikuona kwa nyuma. Ovaroli, kofia..."

Bryony aligeuka polepole, akautazama ukumbi. Mafundi walikuwa wakipita huku na huku, warefu na wafupi, wote katika ovaroli za rangi ya machungwa na kofia nyeupe, na wote, kwa nyuma, ni mtu mmoja.

"Nilikuwa chini ya treni," alisema.

"Najua sasa."

"Nilikuwa nimelala chali kati ya magurudumu, nafunga nati ya mwisho."

"Najua, Bryony."

"Kwa nini haikusogezwa?"

Harriet ndiye aliyejibu:

"Dereva alikuwa bado anamalizia chai."

Bryony alishika ukingo wa ubao. Alipozungumza tena, sauti yake haikupanda. Ilishuka, na kwa Fergus hilo lilikuwa zito zaidi.

"Jioni ile nilikuja kwako. Nililia kwenye bega lako. Nikakwambia, Fergus, nimeingia chini ya treni bila kufuli, kichwa changu kina kasoro. Ulinijibu nini?"

"Bryony..."

"Ulinijibu nini?"

"Nilisema umechoka tu, mpenzi. Nikasema usimwambie mtu."

"Na ulishajua."

"Nilijua dakika ile ile uliponiambia. Nikaogopa. Wangenitoa kwenye mpango wa mafunzo ya wahitimu wa chuo. Na ungenitazama kama unavyonitazama sasa."

"Miezi yote hii naijaribu milango. Ukanitazama nikiamka kitandani kwenda kulikagua jiko, ukaniita nirudi kulala. Ungekuwa umelala na Harriet, Fergus, ningelia, ningevunja sahani, labda ningekusamehe. Wewe umeniibia akili yangu, halafu ukanibembeleza kwa kuipoteza."

"Wiki mbili zilizopita nilishindwa, nikamwambia Harriet."

"Harriet!" Bryony alicheka, kicheko kikavu. "Mtu aliyekuwa chini ya treni ni mimi, ukakiri kwa Harriet."

"Nilimpa mpaka Ijumaa," Harriet alisema. "Sikupaswa kumpa hata saa moja. Hilo ni langu, na nitalisema juu kwa meneja."

Bryony alichomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Fergus, akavikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

"Panda ofisini. Useme mwenyewe, kwa mdomo wako, bila kuniweka mimi katika sababu."

"Na sisi?"

"Panda, Fergus."

Alipanda. Ngazi za chuma zilisikika moja baada ya nyingine, na Bryony alizisikiliza mpaka ile ya mwisho, na mpaka mlango wa ofisi ulipofungwa.

*

Ijumaa watahini wawili walikaa mbele yake, birika la maji katikati.

"Tueleze," alisema yule mwenye miwani, "siku uliyokosea, na ulichojifunza."

Kwa miezi mingi aliliogopa swali hilo kuliko mengine yote. Sasa alilieleza lote: Februari aliposahau, na Aprili ambapo hakusahau.

"Kwa hiyo kosa la Aprili halikuwa lako," mtahini alisema.

"Kulitoa kufuli hakukuwa kwangu. Kunyamaza kulikuwa kwangu. Nilikuta msumari mtupu, nikaona heri nijishuku mimi kuliko kuushuku ubao. Ningesema siku ile ile, wangetafuta."

"Na leo ukikuta msumari mtupu?"

"Nitasimamisha karakana nzima. Ninachokikumbuka, nakikumbuka."

Mtahini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Majibu yalipokuja, Clive aliyasoma kwa sauti kantini, akamwita fundi mbele ya watu wote, na akamlipisha chai.

*

Fergus aliondolewa karakanani muda wa uchunguzi. Hawakumfukuza. Walimrudisha mwanzo wa mafunzo, akaanza upya nyuma ya wahitimu waliomkuta. Mara moja moja alituma ujumbe.

*Sikuombi kitu. Nataka ujue nimeeleza kisa chetu kwa wanagenzi wapya leo, na sikujipamba.*

Bryony aliusoma. Hakujibu. Wala hakuufuta.

Msimu wa maua uliporudi, Fergus alirudishwa katika karakana ile ile. Alasiri moja Bryony alikuwa chini ya treni, anaangalia pedi za breki, aliposikia sauti ubaoni juu yake.

"Bwana mdogo, likate hilo kufuli tuondoke," dereva alikuwa akisema. "La Hallam tu limebaki. Nimemwona anakwenda kantini."

"Umemwona nani?" ilikuwa sauti ya Fergus.

"Huyo dada. Si huyo pale?"

"Umeona ovaroli. Kufuli lipo, basi yumo."

"Treni inachelewa! Harriet atakuja kunipigia kelele mimi."

"Aje. Nitasimama hapa naye."

Bryony alikuwa ameshamaliza kazi yake. Hata hivyo alibaki amelala chali kati ya magurudumu, spana kifuani, akisikiliza dereva analalamika, akisikiliza mtu mwingine hasogei. Kisha akatoka. Akaenda ubaoni bila kumtazama yeyote, akaingiza ufunguo wake, akalitoa kufuli lake.

"Haya," alimwambia dereva. "Sasa ondoka."

Treni ikasogea, nzito na ya upole. Wakabaki wawili.

"Umesubiri sana?" Bryony aliuliza.

"Kiasi ulichokaa wewe."

"Ningekawia mpaka jioni?"

"Ningekuwa hapa jioni."

Alimtazama shingoni. Kwenye mkufu, kando ya ufunguo wake mmoja, palining'inia pete.

"Unazunguka nayo?"

"Sikuwa na pa kuiweka."

"Iache hapo hapo. Siku nikiitaka, nitaiomba mwenyewe." Akafuta grisi mikononi. "Lakini nina njaa, na nyumbani nimesahau pochi. Twende ukanisindikize nikaichukue, halafu chipsi. Siki nitatia mimi."

Fergus alimsubiri chini ya ngazi za nyumba. Bryony alipanda, akachukua pochi, akatoka, akafunga mlango mara moja. Kisha akashuka ngazi bila kurudi kuujaribu.