Chumba Asichoingia Afande

Je, msikilizaji wangu, mfupa ukivunjwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa na redio imepandishwa sauti, wewe unafikiri hakuna atakayejua? Basi kaa vizuri.

Jumapili moja huko Mpumudde, Jinja, Kagoya alikuwa amemaliza kufagia ua. Ndizi zimeshafungwa kwenye majani yake, zinaiva taratibu. Mchuzi wa karanga uko jiko la pili. Mumewe, Geresom Masaba, askari wa magereza, alikaa mlangoni akipiga kiwi viatu vyake huku anaimba pambio la kanisani. Wapita njia walimsalimu, naye akawajibu kila mmoja kwa jina. Ungepita wewe ungesema hapa ndipo amani ilipojenga.

Mchuzi ukashika chini. Kosa lenyewe ni hilo tu. Geresom alinusa, akaweka kiatu sawasawa kando ya mwenzake, akaingia ndani na kupandisha redio. Kwaya ilipomaliza wimbo wa pili, Kagoya alikuwa sakafuni, na kila akivuta pumzi ubavu unamchoma kama msumari.

Haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa miaka sita. Mkono wake wa kushoto uliwahi kuungwa na mzee mmoja kwa vijiti na majani, majirani wakaambiwa aliteleza kisimani. Na majirani, tuseme ukweli, walijua. Walisema tu kwamba mambo ya mke na mume yana wenyewe. Kwenda kushtaki? Angeonyesha nini? Uvimbe hupoa, na neno la afande ni zito kuliko la mkewe. Kagoya aliacha kulia mwaka wa tatu. Hasira yake aliifukia kama kaa la moto kwenye majivu, akangoja.

Siku ya tatu alipoanza kukohoa na kushindwa kulala chali, Geresom aliogopa. Hakumhurumia mke; aliogopa maiti. Akampeleka Mbale, ambako Kagoya hajulikani, nyumbani kwa dada yake Nandutu mtaa wa Nkoma.

Nandutu alimpokea wifi yake kwa chai na maagizo.

"Utasema umeanguka kwenye boda boda. Na usilielie, bibi. Wanaume wetu Wagisu wanasimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho. Wewe ubavu mmoja tu unatujazia nyumba kelele."

Kagoya akanywa chai yake.

Walikwenda kwenye kliniki moja ya Malukhu yenye mashine ya eksirei. Maswali yote alijibu Geresom: jina, umri, boda boda, saa ya ajali. Daktari Mugweri, mzee mwenye miwani, alipomwambia Kagoya akohoe, nusura Geresom akohoe yeye. Daktari akaandika kikaratasi: picha ya kifua, picha ya mbavu, na ya ule mkono uliopinda.

Dada wa eksirei, jina lake Milly, alipofungua mlango na kumwita Kagoya, aliyesimama kwanza alikuwa Geresom, na sare yake ya magereza.

"Afande, wewe unabaki nje."

"Mimi nimezoea hospitali. Wafungwa wangu nasimama nao hata wakishonwa."

"Kwani huyu ni mfungwa wako?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Geresom naye akacheka, kwa kuchelewa. Milly akamweleza bila haraka kwamba ile mionzi si ya kuchezea. Hata yeye mwenyewe hujificha nyuma ya ukuta wenye kioo, na asiyehitajika haingii. Mlango mzito ukafungwa.

Geresom hakuwa na wasiwasi mkubwa. Aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba picha huonyesha jeraha la leo tu, na mfupa uliopona umeshasahau.

Ndani kulikuwa na baridi. Kwa mara ya kwanza siku ile Kagoya aliulizwa jina lake akalitaja mwenyewe. Akaulizwa kama ana mimba, maana mwenye mimba lazima aseme kabla. Akavua mkufu na sidiria yenye vyuma, akapewa gauni la hospitali, akasimamishwa kifua kikigusa ubao, mabega mbele. Hakuna sindano wala moto.

"Vuta pumzi, ishike, usitikisike," Milly alisema nyuma ya kioo.

Hapo ndipo penye kazi kwa mwenye ubavu uliovunjika. Kagoya akavuta mpaka macho yakaona giza, lakini hakutikisa hata kope. Nandutu angekuwepo angenyamaza.

Zilipotimia picha zote, Kagoya aliomba kuziona. Kusoma picha ni kazi ya daktari, na Milly alilijua hilo, ila aliitazama ile kompyuta na ulimi ukamshinda.

"Ubavu huu ni wa juzi. Lakini huu, na huu, na hizi mbili za chini, zina vinundu. Zilivunjika zamani zikaunga zenyewe. Dada yangu, umeanguka boda boda ngapi?"

Kagoya akatazama ile mifupa myeupe gizani. Miaka sita anaambiwa hana shahidi! Kumbe mashahidi walikuwa kifuani mwake, wamepanga mstari, wanangoja kuitwa. Nje, Geresom akagonga mlango kuuliza mbona wanachelewa. Kagoya akahisi lile kaa linawaka.

"Ni yeye," alisema. "Mwambie daktari aandike zote. Asiache hata moja."

Milly akapita mlango wa nyuma. Daktari akasoma, akaandika mfupa kwa mfupa, akapiga simu polisi. Mlango mkubwa ulipofunguliwa, Geresom aliinuka na tabasamu lake, akakuta askari wawili mbele yake. Pingu alijua kuzifunga. Uzito wake hakuujua. Kagoya alisimama akatazama mpaka zikalia. Hakugeuza uso. Alitaka kushiba.

Mafunzo

Wanangu, eksirei haiumi. Ukiitwa, ingia peke yako, sema kweli kama una mimba, vua vyuma, shika pumzi. Na wewe mwanamume unayepandisha redio, ujue kwamba ngozi husahau lakini mfupa unaweka kumbukumbu. Jirani, ukisikia kilio ukakiita mambo ya wenyewe, umeshika fimbo upande mmoja.

Nandutu alikuja Jinja na wazee wawili na mbuzi, kwa mama yake Kagoya, ambako Kagoya alikuwa amerudi kukaa, kuomba kesi imalizwe nyumbani. Mzee mmoja, katika kubembeleza, akamwuliza Kagoya kitu ambacho hajawahi kuulizwa katika ndoa ile: binti, wewe unataka nini?

Kagoya akamtazama mbuzi, akamtazama Nandutu.

"Nataka picha iwekwe kwenye mwanga mbele ya hakimu na watu wote. Halafu Geresom aguse kila ubavu kwa kidole chake, mmoja mmoja, aseme aliuvunja siku gani, na mimi nilikuwa nimekosa nini."